Sare ya Nyar Mfangano

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa hata kugusa cherehani. Nilifika Migori mjini nimevaa viatu vya kuazima, na bwana mmoja tuliyemwita Fundi Mkuu akanitazama toka kichwani mpaka miguuni kama anayekagua kitambaa chenye kasoro. Alikuwa na baraza nje ya duka la nafaka, cherehani za miguu zimepangwa ukutani, na mdomo ambao haukujua kupumzika. Akanipa wembe na rundo la suruali kuukuu.

"Fumua," akasema.

"Zote, mzee?"

"Nimesema fumua. Sijasema uliza."

Basi nikafumua. Kufumua ni kukata nyuzi za mshono bila kukijeruhi kitambaa. Unavuta pande mbili polepole, uzi unajitokeza, unaugusa kwa ncha ya wembe, unavuta tena. Ninyi vijana mnaokimbilia cherehani za umeme hamuitaki kazi hiyo, ndiyo maana mkikosea mnatupa nguo nzima. Mimi nilifumua mpaka vidole vikafa ganzi. Jioni Fundi Mkuu akachukua suruali moja, akanionyesha kile kitambaa kinachobaki ndani ya mshono, ambacho mvaaji hakioni.

"Hii ni akiba," akasema. "Fundi mchoyo huikata yote apate kipande cha kuuzia watu. Ukikata akiba kwenye baraza langu, urudi kwenu siku hiyo hiyo. Mtu hunenepa. Mtu hubeba mimba. Mtu humwachia mdogo wake nguo. Nguo isiyo na akiba ni ya mtu mmoja kwa siku moja."

Jambo jingine alilonifundisha ni utepe. Fundi Mkuu hakuwa na imani na karatasi, alisema zinaliwa na panya. Kila mteja alipimwa kwa ukanda mwembamba wa kitambaa: kifua kikakatwa alama, kiuno kikakatwa alama, mkono, urefu. Ukanda ule ukafungwa fundo la kumtambulisha mwenyewe na kuning'inizwa kwenye msumari. Ukitaka kumshonea mtu aliye mbali, unashusha utepe wake tu. Mpaka leo ukutani kwangu ziko tepe za watu walioshahamia Nairobi, na za wengine walioshazikwa.

Sasa kuhusu kazi za haraka, maana ndizo mlizoniuliza. Watu hupenda kusema haraka haraka haina baraka. Aliyesema hivyo hakuwahi kusimamiwa mlangoni na mteja. Asubuhi moja pale Migori alikuja tajiri mmoja wa ng'ombe kutoka upande wa mpakani, na kitambaa cha suti, akitaka aivae jioni kwenye sherehe. Nyuma yake alisimama mama mmoja kimya, amekumbatia kitambaa cheusi. Fundi Mkuu akampita tajiri, akapokea kile cheusi.

"Mimi ndiye nilitangulia," tajiri akafoka.

"Ni kweli," Fundi Mkuu akamjibu. "Lakini wewe unangojewa na bia. Huyu anangojewa na kaburi."

Tajiri akaondoka kwa matusi, na mama akaondoka na nguo yake. Tangu siku hiyo nikajua kwamba wa msiba hangoji. Sheria hiyo sikuibadilisha mahali popote nilipofanya kazi.

Kutoka Migori nilikwenda upande wa Asumbi, kwenye chumba cha ushonaji cha watawa kilichoshona sare za wanafunzi. Bosi wetu alikuwa Sista Msimamizi, mwanamke mwembamba aliyeongea kwa nadra. Hapo nilijifunza kukata kwa tabaka, yaani kupanga vitambaa vingi kimoja juu ya kingine na kuvikata mara moja, huku umevibana kwa mawe ili visiteleze. Kila shule zilipofunguliwa, wazazi walifika siku ile ile na watoto wao wakitaka sare hapo hapo. Mimi nikanuna. Nikamwambia Sista hawa wazazi wamelala likizo nzima, waende hivyo hivyo wakajifunze.

Sista hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa. "Uzembe ni wa mzazi," akasema, "lakini aibu atavaa mtoto. Umewahi kuwa peke yako bila sare katikati ya wenye sare?"

Nilikaa kwenye cherehani nikashona.

Niliolewa Kosele, na hapo nikaweka cherehani yangu kwenye veranda ya nyumba yangu mwenyewe. Kushonea nyumbani ni shida nyingine kabisa. Ukiwa na duka, mteja anajua unafunga. Ukiwa nyumbani, anakuja ukiwa unakoroga ugali, anakaa jikoni na kitenge mapajani, anakuambia, "Min Atieno," yaani mama wa Atieno, binti yangu, "ni kanguo tu." Kanguo! Gauni la marinda, mikono ya puto, bitana ndani, yaani kile kitambaa chepesi cha kuzuia nguo isionyeshe mwili, halafu ati kanguo. Na siku hizi hata haji. Anatuma picha kwa simu. Juzi juzi kabla sijaacha kazi, msichana mmoja alinitumia picha ya mwigizaji sijui wa nchi gani.

"Dani, unaeza nishonea kama hii? Kesho ni ayie yangu," akasema. Dani ni bibi, na ayie ni siku ambayo mwanamume anakuja na watu wake kumwomba mama wa msichana idhini.

"Huyo bwana umemjua lini?" nikamuuliza.

"Ni kama miaka mbili hivi."

"Miaka miwili unajua ataleta ng'ombe, na leo ndiyo unakumbuka huna nguo? Yawa!"

Nilimshonea, lakini nilimsema mpaka akacheka. Mambo ya furaha nayafanya nikipata nafasi, na kelele yangu unaipokea pamoja na nguo. Ukiona hutaki kelele, njoo mapema.

Baadaye nikapewa kazi iliyonipa jina Kosele nzima: kushona sare za kina mama wa kanisa letu. Kanisa silitaji. Sare ilikuwa gauni jeupe lenye kola ya samawati, mshipi wa samawati, na kilemba cheupe. Kitambaa hakikupatikana sokoni. Kiliagizwa kwa jora, lile furushi zima linalotoka kiwandani, na jora lilikaa nyumbani kwa Mwenyekiti wa kina mama. Mwenyekiti akikukubali ndipo anakukatia kipande, na kipande kinaletwa kwangu. Mimi mwenyewe nilikuwa mwanachama. Sare yangu nilijishonea, na akiba nikaiacha nene, maana mafunzo ya Migori hayakunitoka.

Katika kanisa hilo mke wa pili hakuvaa sare. Ndiyo ilikuwa sheria. Angeweza kuimba, kufagia, kuwapikia wageni wa Askofu wakishuka, lakini sare ni ya mikayi, mke wa kwanza, aliyefunga ndoa madhabahuni. Na hapo ndipo anapoingia Risper.

Risper alizaliwa kisiwani Mfangano, kwa hiyo sisi wote tulimwita Nyar Mfangano, binti wa Mfangano. Alikuja Kosele akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, na samaki wa kukaushwa, akaolewa mke wa pili katika boma lisilo mbali na kwangu. Mwanamke mnene, mwenye sauti ya kupitia ukuta, mwenye vicheko. Hakuna mgonjwa wa kanisa ambaye hakuletewa uji na yule mama. Kila kina mama walipokuja kwangu kujaribu sare, yeye alikuwa hapo barazani na beseni lake la samaki, akiwanyoosha kola, akiwafunga mishipi, akisema, "Ee, geuka nikuone. Nyasaye! Unang'aa kama sahani mpya."

Siku moja, wenzake wameondoka, akaweka beseni chini.

"Fundi, nipime na mimi."

"Nikupime nini, na Mwenyekiti hajakukatia kitambaa?"

"Kupima kunakatazwa na Biblia? Nipime tu. Siku wakikubali, wasinikute sina kipimo."

Nikampima. Tukacheka sana kwenye kiuno, maana utepe uliisha ikabidi niunganishe mwingine. Akafunga fundo kwa mkono wake mwenyewe, akauning'iniza kwenye msumari kati ya tepe za kina mama wa sare. Kila alipopita na samaki aliuangalia kama upo.

Miaka ikapita, na utepe ukabaki msumarini. Sheria ikabaki vilevile.

Nyar Mfangano aliugua ghafla akafia hospitalini. Matanga yakaanza, maziko yakapangwa Jumamosi. Ijumaa asubuhi, jua ndiyo linapanda, nikamwona Mama Ouma akiingia kwangu na mfuko wa plastiki. Mama Ouma ndiye mikayi wa lile boma, yaani mke mwenza wa marehemu. Mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, asiye na maneno. Hao wawili niliwaona wakigombana juu ya kuni, juu ya mbuzi, juu ya watoto. Sikutegemea kumwona akilia.

"Min Atieno, nimekuja na haraka," akasema. "Alishika mkono wangu pale hospitali. Akaniambia, nyieka, mwenzangu, nikizikwa na kitenge nitajua wewe ndiye ulikataa. Hata akifa lazima anitukane." Akafungua mfuko, akatoa sare yake mwenyewe. "Fumua hii. Gari la kuchukua mwili litaondoka mochari mchana. Nguo lazima iwe imefika kabla."

Nikaigeuza ile sare ndani nje. Nilikuwa nimeitoa akiba yote siku za nyuma, alipojifungua kitinda mimba. Hapakuwa na kitu cha kufumua. Zaidi ya hayo, mtu huyu angesimama kando ya jeneza kesho yake mbele ya kanisa zima. Akisimama bila sare, wangesema amefukuzwa.

Nikashusha ule utepe msumarini nikauangalia. Kitambaa kipya kilikuwa kwa Mwenyekiti, na Mwenyekiti asingenipa. Sare nyingine niliyokuwa na haki ya kuigusa kijijini pote ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kwenye sanduku langu. Nikasema liwalo na liwe. Nikaingia ndani nikaitoa.

Sasa niwaeleze, maana wengi wenu mtaogopa kazi hii siku itakapowafikia. Nguo ya marehemu haivalishwi kwa kupitia kichwani. Mwili umekakamaa, mikono haikunjiki. Fundi hupasua mgongo wote, toka kola hadi pindo, halafu anashonea kamba za kufungia pande zote mbili. Wanaovalisha wanaanza na mikono, nguo inalala juu ya kifua, pembeni wanaichomeka chini ya mwili. Mgongo unasamehe, hauonekani. Mikono na kifua havisamehi, na mwili ukikaa mochari una mambo yake. Kwa hiyo nilifumua ubavu wote na mikono yote, nikatoa akiba mpaka ukingo wa mwisho. Mama Ouma alikuwa anapiga pasi ya makaa nyuma yangu, kila kipande nilichomrushia.

Ndipo Mwenyekiti akaingia. Kosele habari haihitaji simu. Alisimama kwenye ngazi ya veranda, amevaa kikamilifu, mkoba mkononi.

"Fundi, weka mkasi chini."

"Mwenyekiti, karibu kiti. Mkasi una kazi."

"Hiyo ni sare ya kanisa."

"Hii ni sare yangu. Nilijishonea mwenyewe, na kitambaa ulinikatia mwenyewe."

Akaketi. Akazungumza kwa sauti ya chini, na hilo ndilo lilinipa shida, maana kelele naiweza. "Mama Atieno, wewe unanijua. Mimi ni mikayi. Bwana yangu alipoleta msichana nyumbani, nililala jikoni. Kitu pekee ambacho yule msichana hangeweza kunipokonya kilikuwa hii nguo. Hii peke yake. Sasa unataka kuwapa na hii?"

Nilimwonea huruma, sitaficha. Nilijua jinsi alivyoteseka. Lakini huruma yangu haikuingia vidoleni. "Hasira yako ni ya haki," nikamwambia. "Mpelekee bwana yako. Yuko hai, anakunywa chai huko kwako. Usimpelekee maiti."

"Huyo maiti ameharibu nyumba ya mwenzetu!"

Mama Ouma akaweka pasi chini. "Nyumba ni yangu," akasema. "Mimi ndiye nimeleta kazi hapa."

Mwenyekiti akamtazama kama ambaye hakuwa amemwona. Akageuka kwangu. "Ukimaliza hiyo nguo, jora letu hutalishika tena. Na sare hutavaa tena maisha yako."

"Nitaivaaje, Mwenyekiti, na inaondoka?"

Akainuka akaondoka bila kuaga. Sare za kanisa ndizo zilizolisha watoto wangu, na wale kina mama ndio waliokuwa ndugu zangu Kosele, mimi mwolewa tu. Nilijua ninachokata. Nikakata hivyo hivyo. Kamba nilizishona kwa mkono, kwa uzi maradufu, kisha Mama Ouma akaikunja nguo kwenye leso safi na kuondoka nayo kwa bodaboda. Aliifikisha gari likiwa limeshawashwa, wakamvalisha ndipo likaondoka.

Kesho yake nilikwenda maziko nimevaa gauni la maua, peke yangu bila sare katikati ya wenye sare. Nikamkumbuka Sista. Jeneza likafunguliwa uani. Nyar Mfangano alikuwa amelala pale na kola ya samawati, kilemba cheupe, mikono imetosha vizuri kabisa. Watu wakaanza kunong'ona. Nilimsikia mwanamume mmoja nyuma yangu akisema fundi amefanya kufa kufaana, na mwingine akamwambia anyamaze.

Desturi yetu, anapozikwa mwenye sare, kina mama huinuka wote, wanalizunguka jeneza na kuimba wimbo wao mpaka linafungwa. Akizikwa asiye na sare, wanabaki wamekaa. Mwenyekiti alikuwa ameshawaambia. Walikaa. Mstari mzima mweupe, wamekaa, wanaangalia mapaja yao, na mwanamke aliyewapikia na kuwafunga mishipi amelala mbele yao. Nililia, tena si kwa huzuni peke yake. Nililia kwa hasira.

Mama Ouma akainuka. Alikwenda akasimama kichwani mwa jeneza, akamnyoosha mwenzake kilemba, kama yule alivyozoea kuwanyoosha watu. Halafu akaanza kuimba. Sauti yake ilikuwa mbaya, jamani, ya kukwaruza, na wimbo aliuanzia juu mno. Akaimba ubeti mzima peke yake. Kwenye kiitikio mama mmoja mzee akainuka kwa fimbo. Akafuata mwingine, halafu wengi wakaja kwa pamoja. Nikataka kubaki nyuma kwa kuwa sikuwa na sare, Mama Ouma akanivuta mkono.

Mwenyekiti hakuinuka. Simlaumu wala simsifu.

Neno lake alilitimiza. Jora lilihamishiwa kwa fundi wa soko jingine, na jina langu likaondolewa kwenye kina mama. Kuna waliopita mlangoni kwangu bila salamu. Mwanzoni kazi ilikauka kweli, nikashona viraka na mifuko ya kubebea mahindi. Kisha wakaanza kuja watu ambao sikuwajua: mke wa pili kutoka Rangwe, mke wa tatu kutoka karibu na mpaka, mjane aliyekataa kurithiwa. Kila mmoja na haraka yake, kila mmoja na maziko yake au harusi ya mtoto wake ambapo hakutaka aonekane mnyonge. Niliwapima wote, tepe zao ziko ukutani. Watoto wangu walisoma.

Sasa macho hayaoni tundu la sindano, na cherehani nimemwachia Atieno. Mkiniuliza kazi ya ufundi ni nini, sitawaambia ni uvumilivu. Mimi sikuwa mvumilivu. Nilikuwa mkali, na nilichagua ni haraka ya nani ya kuheshimu. Mtu aliyejisahau atangoja. Mtu aliyesahauliwa, huyo fungua mlango.

Hivi karibuni alinijia mchungaji mpya, kijana mpole. Tulikunywa chai. Akaniambia siku hizi mambo yamelegea, hata wake wa pili kanisa linawafikiria.

"Dani, wewe simama tu Jumapili moja, useme ulikosea. Tutakupa sare mpya. Hatutaki siku yako ifike tukuzike hivi hivi."

"Nilikosea wapi?"

"Kutotii tu, dani. Ni neno moja."

"Mchungaji, sare yangu ninayo," nikamwambia. "Iko kwa Nyar Mfangano, chini ya udongo, imefungwa mgongoni kwa kamba nilizoshona mwenyewe. Kanisa likiitaka, lichukue jembe."

Kijana wa watu akamalizia chai yake. Alipoinuka kwenda nikaona mkono wa koti lake umefumuka, pindo linaning'inia.

"Unaenda wapi na koti hilo?"

"Kuna maziko, dani. Nimechelewa hata."

"Vua," nikamwambia, na nikamwita Atieno alete uzi mweusi.